Uliza Tukujibu: Mwili Haujui Bei ya Chuma

Kapu la barua mwezi huu limejaa vyuma, pushapu na mipira. Tumechagua maswali nane. Majibu yameandikwa na jopo la safu hii, yaani walimu wa mazoezi pamoja na mtaalamu wa tiba ya viungo. Pale ambapo wajibuji wenyewe hawakuelewana, tumeliacha lionekane.

Tunapiga tizi uani kwa vyuma vya zege tulivyotengeneza wenyewe. Rafiki yangu analipia jimu yenye mashine, ananiambia zege linavimbisha mikono tu, mwili "hausomi". Ni kweli? Na tukitaka kutengeneza vingine, tufanyeje visituumize?
*Fundi bomba, Temeke*

Kaka, mwili haujui bei ya chuma. Msuli hauna jicho la kutambua kama mkononi kuna mashine ya mamilioni au kopo la rangi lililojazwa zege. Unachosikia ni mvutano: umevutwa kwa nguvu gani, kwa muda gani, na seti (mfululizo mmoja wa mara bila kupumzika) ilipoisha ulikuwa umebakiza mara ngapi kabla ya kushindwa.

Msuli umegawanyika katika vikosi, kila kikosi na neva yake. Kazi inapoanza, uti wa mgongo huamsha vikosi vidogo kwanza, vile visivyochoka upesi. Vikubwa, ambavyo ndivyo vyenye nafasi kubwa ya kutanuka, huamshwa mwisho, mzigo ukiwa mzito au vidogo vikiwa hoi. Utaratibu huu ulielezwa na Mmarekani Elwood Henneman kati ya miaka ya 1950 na 1960, na ndio unaofafanua jambo linalowashangaza wengi: kilo 30 na kilo 60 zinaweza kukuza msuli uleule kwa kiasi kinachokaribiana. Kilo 60 zinaviita vikosi karibu vyote tangu mara ya kwanza. Kilo 30 zinaviita mwishoni, pale mikono inapoanza kutetemeka. Ukizitua kilo 30 ungali na uwezo wa kupiga mara kumi nyingine, vikosi vikubwa vimelala usingizi wao mzima.

Rafiki yako ana haki kidogo kwenye suala la nguvu. Anayetaka kunyanyua mzigo mzito kabisa mara moja hana budi kuzoea mizigo mizito, seti za mara 1 hadi 6. Tena mashine ina faida yake: imeshika njia moja, kwa hiyo unaweza kusukuma mpaka ushindwe bila kuangukiwa na kitu. Chuma huru kinakudai pia usawa, na misuli midogo ya bega na kiuno inafanya kazi ambayo mashine inakufanyia bure. Lakini mpelekeni huyo bwana uani akachuchumae na zege, nanyi mkajaribu mashine yake ya miguu. Kila mmoja ataaibika ugenini, maana mwili huwa hodari wa kile hasa unachofanyishwa.

Sasa utengenezaji, ambako ndiko watu huumia. Zege hukaribia kilo 2.4 kwa lita. Kopo la rangi la lita 4 likijaa linakupa kilo 9 na ushee, la lita 10 kilo 24. Ndoo ya lita 20 inakaribia kilo 48 upande mmoja, hiyo iacheni. Changanyeni saruji 1, mchanga 2, kokoto ndogo 3, maji kidogo tu, kwa sababu zege la majimaji hupasuka likidondoshwa. Bomba la robo tatu inchi lina unene wa nje wa milimita 27 hivi, karibu sawa na chuma cha jimu, na kiganja hulishika vizuri. La inchi moja hufika milimita 33, linachosha vidole kabla ya mgongo, ila ndilo la kutumia mzigo wote ukizidi kilo 50, maana la robo tatu huanza kupinda.

Kabla ya kumwaga zege, toboeni bomba karibu na ncha na mpitishe bolti au kipande cha nondo kimkingamo. Wengi huruka hatua hii. Zege halilishiki sana bomba laini, kopo linaanza kuzunguka lenyewe, na siku moja linachomoka juu ya kichwa cha mtu. Pimeni zege bichi la upande wa kwanza na wa pili kwa mizani. Mnunuzi wa vyuma chakavu wa mtaani anayo. Tofauti ya kilo 2 haionekani kwa macho, lakini mgongo unaiona: unapindika upande mmoja kila mara, miezi nenda miezi rudi. Mwageni upande mmoja, ngojeni siku mbili, geuzeni mmwage wa pili. Funikeni kwa gunia bichi, mlimwagilie siku 7. Zege hukomaa ipasavyo siku ya 28, kwa hiyo atakayelibamiza sakafuni wiki ya kwanza asitulaumu.

Napiga pushapu 100 kila siku, mwezi wa tano sasa. Miezi miwili ya mwanzo kifua kilijaa. Tangu hapo sioni kitu. Niongeze ziwe 200?
*Kondakta, Kawangware*

Hapana. Ukiongeza ziwe 200 utakuwa mpiga pushapu mvumilivu, basi.

Wiki za mwanzo nguvu hupanda haraka, ila si kwa sababu msuli umekua. Ni neva zinazojifunza: vikosi vingi zaidi vinaamshwa, vinaamshwa kwa pamoja, na misuli pinzani inaacha kukaza bila sababu. Unene wa kupimika huanza kujitokeza wiki ya 6 hadi ya 8. Hapo ndipo ulipofurahi. Baada ya hapo mzigo uleule ukawa mwepesi kwako, na mwili hauna sababu ya kugharamia nyama ambayo haihitajiki.

Pushapu ya kawaida inaweka kwenye mikono asilimia 64 hivi ya uzito wako. Kama una kilo 70, unasukuma kilo 45. Ukipiga magoti inashuka hadi asilimia 49, yaani kilo 34. Mikono ikiwa juu ya kitu cha sentimita 60, asilimia 41. Geuza sasa: miguu juu ya stuli ya sentimita 60, mikono chini, unafika asilimia 74, karibu kilo 52. Hapo tayari umeongeza kilo 7 bila kununua kitu.

Fanya hivi. Siku tatu kwa wiki, si saba. Miguu juu ya stuli, seti 4, kila seti ikome ukiwa umebakiza pushapu moja au mbili za kweli. Shuka kwa hesabu ya sekunde tatu, kifua kifike ngumi moja kutoka sakafuni, panda kwa nguvu. Pumzika dakika 2 kamili. Ukipumzika sekunde 30 tu, pumzi itachoka kabla ya kifua. Seti zote nne zikivuka mara 20, vaa begi mgongoni lenye chupa mbili za lita moja na nusu zilizojaa mchanga mkavu. Kila chupa inakaribia kilo mbili na nusu. Begi likae kati ya mabega, lisiteleze kuelekea kiunoni, la sivyo linavuta tumbo lining'inie na kiuno ndicho kitakacholipa.

Kuhusu kukomea pushapu moja au mbili kabla ya kushindwa, jopo liligawanyika. Mmoja anashikilia kwamba seti ya mwisho ipigwe hadi udondoke, maana anayeanza hajui kushindwa kunafananaje, anadhani kumefika kumbe bado ana mara sita. Wengine wanasema kudondoka kila siku kunakula mapumziko ya siku ifuatayo kwa faida ndogo. Tulipokubaliana ni hapa: jaribu hadi mwisho mara moja kila wiki mbili, upate kipimo.

Na utafute kitu cha kuvuta. Anayesukuma tu miezi mitano mabega humwendea mbele.

Mimi ni muuguzi wa zamu za usiku, sina muda wa jimu. Nina mipira miwili ya mazoezi, ile mirefu ya kuvuta. Inaweza kuchukua nafasi ya vyuma? Na nitajuaje sitaota misuli ya kiume?
*Dada wa Kisauni, Mombasa*

Tuanze na hilo la mwisho kwa sababu ndilo linalowazuia dada wengi. Mwanamume mzima ana homoni ya testosteroni zaidi ya mara kumi ya yako. Msuli wako utakua, na kwa asilimia utakua karibu sawa na wake, ila unaanzia kwenye kidogo na kuishia kwenye kidogo. Wanawake wenye miili unayoiogopa wamefanya kazi hiyo miaka mingi kwa makusudi, na baadhi yao kwa sindano. Haikutokei kwa bahati mbaya kati ya zamu mbili.

Mpira unatosha, lakini una tabia yake na lazima uijue. Chuma cha kilo 10 ni kilo 10 mwanzo hadi mwisho wa safari. Mpira ni mlegevu mwanzo na mgumu mwisho. Unapovuta kama mtu anayepiga kasia, mwanzo wa mvuto, pale msuli wa mgongo umenyooshwa kabisa, mpira haukudai chochote. Unakudai mwisho, viwiko vikiwa nyuma na msuli umeshajikunja. Na ni pale msuli unaponyooshwa chini ya mzigo ndipo unapopata kichocheo kizuri cha kukua. Wengi wanaosema mipira haifanyi kazi wameanza kila mvuto mpira ukiwa umelegea.

Dawa yake ni kurudi nyuma hatua moja au mbili hadi mpira ukaze kabla hujaanza. Chora alama ya chaki sakafuni pale kisigino kinapokaa. Wiki ijayo simama palepale uongeze mara, au sogea nyuma nusu hatua. Bila alama hujui kama umeongezeka nguvu au umesogea mbele bila kujijua. Ukifika mara 25 kwa urahisi, ukunje uwe wa safu mbili.

Siku mbili kwa wiki zinakutosha kuanzia: kuvuta kasia, kusukuma mbele ya kifua, kuchuchumaa ukiwa umeukanyaga na ncha ziko mabegani, kisha kuinama kutoka nyongani na kusimama. Seti 3 kila moja.

Ukifunga mlangoni, funga fundo kubwa la kitambaa upande wa pili na usimame upande ambao ukivuta mlango unajifunga, si unafunguka. Usifunge kwenye msumari, mpira hukatikia pale unaposugua na ncha ikikupata jichoni si mchezo. Ukague kila wiki: uvute kidogo mbele ya dirisha, ukiona vinyufa vidogo kama vya udongo mkavu, utupe. Jua na mafuta ndivyo vinavyoua mpira, kwa hiyo osha mikono kama umetoka kujipaka mafuta ya nazi. Tyubu kuukuu ya baiskeli nayo inafaa, mwombe fundi akukatie sehemu ya valvu. Ni ngumu kuliko mpira wa dukani, usiivute kupita mara mbili ya urefu wake.

Jumamosi nilipiga skwati 80 (kuchuchumaa na kuinuka) mara ya kwanza, Jumatatu nikashuka ngazi za hosteli kinyumenyume. Wenzangu wanasema ni asidi imebaki kwenye misuli, ninywe maji ya ndimu. Ni kweli? Niache?
*Mwanafunzi, Dodoma*

Ndimu kunywa ukipenda, ni tamu na maji. Hiyo asidi ya laktiki inayosemwa huondoka kwenye misuli ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi. Isingeweza kukusubiri Jumatatu.

Kilichokuumiza ni kushuka. Msuli hufanya kazi za aina tatu: unajikunja ukiinua mzigo, unashikilia bila kusogea, na unanyooka huku ukivuta breki unaposhusha. Kwenye breki nyuzi chache huamshwa kwa mzigo uleule, kila uzi unabeba zaidi, na baadhi ya vipande vyake vidogo huvutwa kupita kiasi na kuchanika. Mwili hutuma mafundi wake, eneo linavimba kwa ndani, neva za maumivu zinakuwa nyepesi kuchokozeka. Kilele ni kati ya saa 24 na 72. Ndiyo maana kupanda ngazi hakukusumbui sana kama kushuka: kushuka ni kazi ya breki ileile ya paja.

Usiache. Ukirudia zoezi lilelile wiki ijayo maumivu yatakuwa madogo sana, hata kama hujawa na nguvu zaidi. Mwili ukishapigwa mara moja huweka kinga inayodumu wiki kadhaa. Kosa ni kuanza na mara 80 kwa sababu siku ile ulijisikia vizuri. Anza na seti 2 za mara 8 hadi 10, wiki mbili, ndipo uongeze. Na kutoumia hakumaanishi zoezi halikuingia. Maumivu ni kipimo cha ugeni wa kazi, si cha ubora wake.

Breki hiyo hiyo ina matumizi mazuri. Msuli unaweza kushusha mzigo mzito kwa asilimia 20 hadi 40 kuliko ule unaoweza kuinua. Asiyeweza kujivuta kwenye bomba hata mara moja na apande kwa stuli, kidevu kivuke bomba, aondoe miguu, ashuke taratibu kwa sekunde 5. Mara 3 hadi 5, seti 4, siku mbili kwa wiki. Wengi hujivuta wenyewe baada ya wiki chache.

Jambo moja si la mzaha. Mkojo ukiwa na rangi ya soda nyeusi au chai ya rangi iliyokolea, paja limevimba likawa gumu, na miguu haina nguvu kabisa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Msuli umebomoka kiasi cha kumwaga vitu vyake kwenye damu na figo zinazibwa. Hutokea zaidi kwa anayeanza kwa fujo, kwenye joto, bila maji. Aliyerithi chembe ya selimundu kwa mzazi mmoja, hata kama hajawahi kuugua, yuko kwenye hatari kubwa zaidi na asikubali mazoezi ya adhabu. Wala usitulize hali hiyo kwa diklofenaki, dawa ya maumivu. Inaziongezea figo mzigo.

Nina miaka 63, natumia dawa ya presha, kipimo cha mwisho 146 kwa 88. Jirani ananikataza kunyanyua chochote. Nibaki na kutembea tu?
*Mstaafu, Tanga*

Shikamoo mzee wetu. Jirani amelisikia jambo la kweli akalibeba lote. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliwapima wajenga mwili kwa sindano ndani ya mshipa wa mkono wakati wakisukuma mashine ya miguu kwa uzito wa juu kabisa, pumzi imebanwa. Wastani ulifika 320 kwa 250, na mmoja alivuka 480 kwa 350. Ni namba za kutisha. Lakini ni za mzigo wa mwisho na pumzi iliyofungwa. Ukipumua na mzigo ukiwa wa kadiri, hufiki huko. Baada ya wiki kadhaa za mazoezi, presha ya mtu akiwa ametulia hushuka.

Tena aina inayoshusha zaidi huenda usiitarajie: ile ya kukaza bila kusogea. Uchambuzi uliochapishwa 2023 katika jarida la British Journal of Sports Medicine, uliokusanya majaribio 270, ulikuta mazoezi haya yakishusha presha kwa wastani wa 8 kwenye namba ya juu na 4 kwenye ya chini. Mwendo wa pumzi kama kutembea kwa kasi na kukimbia ulishusha kama 4 na nusu kwenye namba ya juu, vyuma vya kawaida vivyo hivyo. Kutembea usikuache, ongeza hili.

Linaitwa kukaa ukutani. Egemeza mgongo ukutani, miguu mbele kiasi cha sentimita 60, upana wa mabega, kisha teremka kama mtu anayeketi kwenye kiti asichokiona. Usiende chini sana mwanzoni. Magoti yakunjike kidogo tu, mahali ambapo dakika mbili zinakuchosha lakini unaweza kuongea. Kaa dakika 2, pumzika dakika 2, mara 4. Jumla ni dakika 14. Siku tatu kwa wiki, kwa wiki nane na kuendelea. Ikiwa nyepesi, teremka vidole viwili zaidi; usipite pembe ya mraba.

Hesabu kwa sauti. Anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi, na kubana pumzi ndilo kosa la wote. Vaa viatu vya mpira, si soksi, hasa kwenye marumaru. Weka kiti kando cha kushikia unapoinuka, na usiinuke ghafla, dawa nyingine za presha huleta kizunguzungu. Usianze siku ambayo kipimo kimefika 180 kwa 110, wala ukiwa na kifua kinachobana; hapo ni daktari kwanza. Dawa usiipunguze mwenyewe hata kipimo kikipendeza. Mpelekee daktari daftari la vipimo vya wiki nane aamue yeye.

Mama yangu ana miaka 74, ameambiwa mifupa imepungua uzito. Nikimwambia afanye mazoezi ya nguvu anacheka, anasema hayo ni ya vijana. Nimwambieje?
*Binti yake, Moshi*

Dada, mpe salamu zetu, na umsimulie ya Boston. Mwaka 1990 ilichapishwa taarifa ya wakazi kumi wa makao ya wazee huko, walio na miaka 86 hadi 96, waliopewa mazoezi mazito ya mapaja kwa wiki 8. Nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174 na msuli wa paja ukanenepa asilimia 9. Mama yako ni kijana mbele yao.

Mfupa nao unasikia mzigo, ila ni mkaidi kuliko msuli. Kutembea hauhesabu sana, umeshakuzoea. Unataka kitu kizito au cha ghafla. Australia, wanawake waliokoma hedhi wenye mifupa dhaifu walinyanyua mizigo mizito, seti 5 za mara 5, dakika 30, mara mbili kwa wiki, kwa miezi 8. Mifupa ya kiuno iliongezeka uzito kwa karibu asilimia 3, huku ya wenzao waliofanya mazoezi mepesi nyumbani ikipungua. Usisome hapo ukamtwika mama ndoo: walikuwa na msimamizi wa karibu, na walianza taratibu.

Nyumbani anza na kiti kigumu cha sentimita 45, kimeegemezwa ukutani kisirudi nyuma. Mama akae, mikono kifuani, asimame, akae. Akishindwa bila mikono, weka mto mgumu kitini, safari inafupika. Seti 3 za mara 8, siku mbili au tatu kwa wiki. Akizoea, ondoa mto. Kisha ashuke kwa sekunde tatu badala ya kujibwaga. Kule kujibwaga ndiko kunakoumiza pingili za mgongo. Kisha akumbatie dumu la lita 5 lenye maji lita 2, halafu 3, hadi lijae. Kila lita ni kilo, huhitaji mizani.

Mwenye mifupa hii akatae haya: kuinama mgongo ukiwa umepinda huku amebeba kitu, au kujipinda upande akiwa na mzigo. Kitu cha chini kichukuliwe kwa kukunja magoti. Kano nazo huchelewa kuliko misuli, hivyo goti likinung'unika wiki ya sita wakati nguvu zinapanda, rudi mzigo wa wiki mbili nyuma, usiache kabisa. Mfupa wenyewe msiupime kabla ya mwaka. Kabla ya hapo kipimo hakitaona kitu na mtakata tamaa bure.

Poda ya protini ni lazima? Nina kilo 65.
*Mnyanyua vyuma, Mwanza*

Si lazima. Kinachotafutwa ni gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya mwili, kwako ni gramu 104 kwa siku. Hesabu chakula cha hapo ulipo: mayai 3 ni gramu 18, vikombe 2 vya maharage yaliyopikwa 30, dagaa wakavu gramu 50 wanakupa kama 30, glasi 2 za maziwa 16. Hizo ni 94, na ugali na chapati za siku nzima zinamaliza kilichobaki. Mtu wa Mwanza kununua protini ya kopo huku dagaa wanaanikwa mlangoni ni jambo linalotuchekesha kidogo.

Kreatini, unga wa kuongezea nguvu msuli, ni suala jingine, hiyo ina kazi: gramu 3 hadi 5 kila siku, wakati wowote, na kilo moja au mbili zitakazoongezeka wiki za mwanzo ni maji. Sindano za kukuza misuli zinazouzwa kichinichini kwenye majimu hazimo katika mazungumzo haya. Zinasinyaza korodani, zinashusha mbegu na zinaukaza moyo.

Nimevunjika mguu wa kushoto, plasta wiki sita. Mguu utakonda. Kuna la kufanya?
*Mwendesha bodaboda, Bukoba*

Lipo, na linasikika kama uchawi. Fanyisha mazoezi mguu wa kulia. Maabara ya Chuo Kikuu cha Yale iliandika tangu 1894 kwamba mkono mmoja ukizoezwa, ule ambao haukuguswa nao unaongezeka nguvu. Anayejifunza ni ubongo na uti wa mgongo, na hao wawili wanahudumia pande zote. Mguu wenye plasta bado utakonda kiasi, lakini nguvu utakazopoteza zitakuwa chache kuliko ukilala tu.

Keti kwenye kiti, begi lenye mchanga likiwa limefungwa kifundoni, nyoosha goti la kulia hadi mwisho, shusha kwa sekunde tatu. Uzito uwe wa kukuchosha ifikapo mara ya 8. Seti 4, siku tatu kwa wiki, mguu wa kushoto umeegeshwa juu ya kiti cha pili. Mwulize daktari wako pia kama unaruhusiwa kukaza paja la kushoto ndani ya plasta bila kusogeza goti, sekunde 5 kaza, sekunde 5 legeza, mara 10, kila unapokunywa chai. Akikuruhusu, anza leo.